Mlioangalia Making a Murderer, ile dokumentari ilikuwa ya kweli au tulipigwa changa la macho?

baba_Nasra

Wakuu habari za humu, poleni na majukumu. Kuna jambo linanikereketa wiki ya pili sasa na mke wangu ameshachoka kunisikiliza kwa hiyo nalimwaga hapa.

Kuna dogo mtaani kwetu Tabata anaingiza muvi kwenye flashi, nikamwambia nipe kitu cha mauaji ya kweli sitaki hizi za kuigiza, akaniwekea Making a Murderer, epsodi 10. Najua ni ya zamani, ilitoka Desemba 2015, mtanicheka. Nilianza Ijumaa usiku na Jumapili jioni nimemaliza, kikao cha harusi ya shemeji sijaenda na mchango bado nadaiwa.

Kwa ambao hamjaiona, ni Marekani huko, jimbo la Wisconsin, kaunti inaitwa Manitowoc. Jamaa anaitwa Steven Avery, familia yao wana yadi ya magari mabovu, wanauza spea. Mwaka 1985 akafungwa kwa kosa la kumbaka mwanamke ufukweni, mashahidi 16 wanasema siku hiyo alikuwa sehemu nyingine lakini wapi, akala jela miaka 18. Mwaka 2003 DNA ikaonyesha aliyefanya ni mtu mwingine kabisa, akatoka. Akaishtaki kaunti adai dola milioni 36. Kesi ikiwa inapamba moto, Oktoba 31, 2005 binti mpiga picha wa miaka 25, Teresa Halbach, akaenda pale yadi kupiga picha gari la kuuzwa na hakuonekana tena. Gari lake RAV4 likakutwa palepale yadi, mifupa iliyoungua ikakutwa nyuma ya nyumba ya Avery, akakamatwa yeye na mpwa wake Brendan Dassey wa miaka 16. Wote maisha.

Filamu inakupeleka hivi: polisi wanadaiwa mamilioni, polisi walewale ambao walitakiwa wakae pembeni ya uchunguzi ndo wanaokuta ufunguo wa gari chumbani kwa jamaa baada ya chumba kupekuliwa mara kadhaa. Mimi nililia wakuu, sioni aibu. Mama yake Avery yule bibi alivyo, anakwenda gerezani kila mara na kale kagari. Nilikuwa tayari kuandamana.

Jumatatu nikaingia mtandaoni kuangalia kama ameshaachiwa. Ndo nikakuta vitu ambavyo kwenye filamu havipo au vimepitishwa mbiombio mpaka huvioni. Siku ile Avery alimpigia Teresa mara mbili akiwa ameficha namba. Simu na kamera ya marehemu vilikutwa vimeungua kwenye pipa la kuchomea taka karibu na anapokaa. Upande wa mashtaka walikuwa na DNA yake kwenye loki ya boneti ya RAV4. Halafu lile la paka, kwenye filamu mwenyewe anasema tulikuwa tunacheza tu akaangukia moto, kumbe rekodi zinasema alimmwagia paka petroli na oili ndo akamtupa.

Nikajihisi kama mtu aliyeuziwa simu kwenye mataa halafu akafungua boksi akakuta sabuni.

Sasa swali langu siyo kama Avery kaua au hakuua, hilo tuwaachie wenyewe. Nauliza hivi, mtu akikuonyesha vitu vya kweli tupu lakini akavichagua, huyo amekudanganya au hajakudanganya? Mlioiona mliichukuliaje?

mzee_wa_kupinga

Mkuu umeandika gazeti. Kwani dokumentari ni mahakama? Ni biashara. Ungeenda kikao cha harusi.

Wanjiru_wa_Naks

Mimi niko Nakuru na hii kitu niliiona mapema sana, Netflix ilikuwa imeingia Kenya Januari 2016 na hiyo ndo ilikuwa sirizi ya kwanza kila mtu anaongelea. Ofisini tulikuwa tumegawanyika kama siku ya uchaguzi. Mimi nilikuwa upande wa Avery kabisa, nilijaribu mpaka kusaini ile petisheni ya Ikulu ya Marekani, sahihi zilipita laki moja na ushee, halafu Ikulu ikajibu kwamba rais hana uwezo wa kusamehe kosa la jimbo. Hapo nilicheka mwenyewe, yaani watu laki nzima tumekasirika na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwanza kama rais anaweza.

Lakini baba Nasra usitupe mtoto pamoja na maji ya kuoga. Toa Avery pembeni, nenda kwa yule kijana Brendan. Ile video ya mahojiano ya Machi 1, 2006 hakuna aliyeiigiza, ni ya polisi wenyewe. Mtoto wa miaka 16, darasani yuko nyuma, amekaa peke yake na wapelelezi wawili wazima, hana mama hana wakili. Wanamuuliza Teresa alifanywa nini kichwani. Anabahatisha: nywele zilikatwa. Siyo hiyo. Alipigwa ngumi. Siyo hiyo. Anabahatisha mpaka anaishiwa, ndo mpelelezi anashindwa kuvumilia anamuuliza nani alimpiga risasi kichwani. Eee, Steven. Si ungemwandikia tu karatasi aisome!

Na akishamaliza kukiri kuua mtu anauliza kama atarudi shule kabla ya saa saba na dakika 29 kwa sababu ana projekti ya kuwasilisha. Walai hapo nilizima TV nikaenda kusimama nje kwenye baridi.

kijana_wa_sheria

@Wanjiru umenena. Niongeze tu kwa wasomaji wa huku, maana watu wanadhani hayo ni ya Wazungu. Kwa Kenya kukiri kosa kwa polisi hivihivi hakuingii mahakamani. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka ukiri mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi ambaye siye anayepeleleza kesi yako, tena pawe na mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Kwa hiyo video ya Brendan kama ilivyo, wale wapelelezi wawili ndio walewale, mtu wa tatu hayupo, kwa Nairobi ingekwama mlangoni. Kwenye karatasi lakini. Vituoni nako tunakujua.

Na kesi yake imezunguka sana. Agosti 2016 hakimu wa shirikisho alitengua hukumu, 2017 majaji watatu wakakubaliana naye wawili kwa mmoja, halafu Desemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikakaa wote ikageuza, wanne kwa watatu. Sauti moja! Mahakama ya Juu Juni 2018 ikakataa hata kuisikiliza. Anaweza kuomba msamaha wa kutoka mapema mwaka 2048.

baba_Nasra

Wanjiru mimi nina binti wa kidato cha tatu. Kile kipande cha saa saba na dakika 29 nilikiangalia naye. Aliniuliza "baba huyu hajui amefanya nini au hajui wamemfanya nini?" sikumjibu.

damu_salama

Naomba mnisikilize kidogo mimi ni mtu wa maabara, miaka tisa sasa nachukua watu damu Mwanza, sina ninachojua kuhusu sheria.

Kuna ile sehemu mawakili wanakwenda kufungua boksi la zamani la kesi wanakuta chupa ya damu ya Avery ya mwaka 1996, boksi limekatwa utepe, na kwenye mfuniko wa mpira wa chupa kuna katundu kadogo ka sindano. Kamera inasogezwa kwenye katundu, muziki unashuka, wakili yuko kwenye simu amechanganyikiwa kwa furaha, na wewe uliyekaa kwenye kochi unapiga kelele POLISI WAMECHOTA DAMU WAKAPAKA KWENYE GARI. Epsodi inaishia hapo. Nilikuwa naangalia na mume wangu, yeye alishika kichwa, mimi nikabaki namwangalia tu.

Jamani. Ile ni chupa yenye mfuniko wa zambarau. Kila mtu humu aliyewahi kupimwa wingi wa damu, ile FBP, damu yake imewekwa kwenye chupa kama hiyo. Ndani imenyonywa hewa. Sindano yake ina ncha mbili, moja inaingia kwenye mshipa wako nyingine inatoboa mfuniko wa mpira, na kwa sababu ndani hakuna hewa damu inavutwa yenyewe. Yaani tundu ndo mlango damu ilipoingilia. Chupa yenye damu isiyo na tundu ndo ingenishtua mimi.

Sasa sisemi kwamba hakuna aliyechota. Anayetaka kuchota anaweza kupitia tundu lilelile. Na mabishano ya EDTA, ile dawa ya kuzuia damu isigande, filamu imeyaonyesha: FBI wakapima madoa ya damu ya Avery yaliyokutwa kwenye gari wakasema hamna EDTA, upande wa utetezi wakasema kipimo chenyewe hakiaminiki. Hapo sina ugomvi, wameweka pande zote mbili. Lakini la tundu waliliacha liningʼinie bila mtu mmoja wa maabara kusema sentensi moja. Sentensi moja tu! Kila hospitali ya Marekani ina mtu kama mimi. Kwa hiyo ama hawakuuliza ama waliuliza na jibu halikuwafaa.

Hata yule wakili mpya wa Avery, mama Kathleen Zellner, alipoichukua kesi aliachana na hoja ya chupa, akaja na ya damu iliyotolewa kwenye sinki nyumbani kwake jamaa. Sasa mwenyewe ameitupa lakini kwenye vichwa vyetu bado iko.

Baba Nasra umeuliza kama ni uongo. Mimi nasema pale kwenye tundu ni uongo, na hakuna neno la uongo hata moja lililosemwa.

fundi_redio

Dah. Dada nilikuwa natumia hilo tundu kubishana na watu tangu 2016. Nitaomba radhi kwa watu wangapi.

mzee_wa_kupinga

Ndo mjue. Mimi niliacha kuangalia epsodi ya tatu, nikaona hawa wanataka kuniliza kwa lazima. Mtu asiye na hatia hahitaji fidla.

ChapaKazi_Editor

Naingia kama mtu wa fani maana naediti video za harusi na vipindi vya mtandaoni, nakula kwa hiyo kazi. Watu mnabishana kuhusu vilivyoachwa, mimi kuachwa hakunisumbui sana. Kesi yenyewe ilikwenda wiki na wiki, filamu nzima ni kama masaa 10, na ndani yake kuna miaka kama 30 ya maisha ya watu. Lazima ukate. Ukinipa harusi ya masaa manane nitakutolea dakika arobaini na shangazi yako atalalamika hayumo.

Kinachonisumbua ni cha Sajenti Andrew Colborn, yule polisi wa Manitowoc. Kumbukeni pale mahakamani, wakili wa Avery, Dean Strang, anamchezea rekodi ya simu ambayo yeye sajenti alipiga kituoni kuuliza pleti namba ya gari la Teresa, kabla gari halijapatikana rasmi. Wakili anamwambia kwamba mtu akisikia simu hii anaweza kudhani ulikuwa umesimama nyuma ya hilo gari unaisoma namba. Sajenti anajibu: Ndiyo. Sote tukaruka.

Basi, kwa mujibu wa kumbukumbu ya mahakama hakujibu hilo swali hivyo. Pingamizi liliwekwa likakubaliwa, wakili akauliza tena kwa namna nyingine, kwamba simu hii inafanana na mamia ya simu nyingine ulizowahi kupiga kuuliza pleti namba. HAPO ndo akasema ndiyo. Ile ndiyo ikabebwa ikapandikizwa kwenye swali la kwanza.

Mimi najua inavyofanyika, ni dakika mbili. Unakata, unaweka sura ya mtu mwingine anayesikiliza ili mshono usionekane, unarudi kwa shahidi. Na najua pia unavyojidanganya ukiwa pale kwenye kompyuta saa nane usiku, unasema ah maana ni ileile, nafupisha tu. Labda hata waandaaji wenyewe, Laura Ricciardi na Moira Demos, waliona wanafupisha, walikaa na hiyo kazi miaka 10, walianza wakiwa bado wanafunzi. Lakini mtu akishakula kiapo, ndiyo yake ni mali ya lile swali aliloulizwa. Huihamishi.

kijana_wa_sheria

Colborn aliwashtaki Netflix na waandaaji Desemba 2018 kwa kuchafuliwa jina na hicho kipande kilikuwemo. Machi 2023 jaji wa shirikisho akaitupa kesi. Kwa hiyo kisheria waandaaji wako salama.

ChapaKazi_Editor

Ameitupa kwa sheria za kwao, kwamba afisa wa umma lazima athibitishe ulikusudia uongo au hukujali kabisa ukweli, na kwamba katiba yao haimhakikishii mtu wa aina hiyo kuchorwa kama shujaa wa hadithi. Sawa. Jaji hakuulizwa kama ni uungwana.

Mswahili_Bergen

Ninyi mmeshtuka kwa Colborn, hamjaona The Jinx ya HBO, ya tajiri Robert Durst? Hiyo ndo baba lao. Mwisho wa epsodi ya mwisho jamaa anaingia msalani amesahau maikrofoni ya kwenye shati, anaongea peke yake, anasikika "Nimefanya nini mimi? Niliwaua wote bila shaka." Dunia ikasimama. Niliisikilizia hapahapa Norway kwenye theluji mwili ukanisisimka. Polisi walikuwa wameshamkamata New Orleans siku moja kabla.

Mwaka 2019 maandishi kamili ya ile sauti yakatoka mahakamani, kumbe mpangilio ni mwingine. La "niliwaua wote" lilitangulia, halafu anabwabwaja vitu vingi vingine, mpaka mbele huko ndo anasema nimefanya nini. Wakavitoa vikasimama pamoja na wakavigeuza, cha mwisho kikawa cha kwanza. Ikawa swali na jibu.

Ajabu yake sasa ni kwamba Durst alitiwa hatiani Septemba 2021, akafia kifungoni Januari 2022. Yaani waliunganisha maneno na mtu akaonekana ni muuaji kwelikweli. Sasa hapo unasemaje? Mimi mpaka leo sijui nikasirike au nishukuru.

Wanjiru_wa_Naks

Na wale waliokuja kujibu ndio hao hao. 2023 ikatoka Convicting a Murderer, sirizi ya kuijibu hii, mtangazaji wa Marekani Candace Owens ndiye anaongoza, nikasema wacha nipate upande wa pili. Enyewe ilinipa vitu vya maana, kile kipande cha Colborn wamekiweka kabla na baada unaona kwa macho yako. Lakini nao wana muziki wao. Wana jicho lao la kukuangalia kwa kamera kama wewe ni mjinga. Nikajikuta nahamishwa tena kama mzigo kwa matatu, kutoka huku kwenda kule.

Na mtu asinijie na Ken Kratz kama malaika. Yule mwendesha mashtaka ndo alikaa mbele ya kamera za televisheni kabla kesi haijaanza akasimulia yote ya Brendan, mnyororo na damu na kila kitu, kaunti nzima ikasikia, wakiwemo wale ambao wangekuja kukaa kwenye juri. Halafu mwaka 2010 akajiuzulu kwa kumtumia meseji za mapenzi mwanamke ambaye kesi yake ya kupigwa na mwanaume yeye ndo alikuwa anaisimamia. Huyo ndo analalamika kwamba filamu haikuwa ya haki. Alialikwa kuhojiwa, akakataa.

mzee_wa_kupinga

Hapo Wanjiru umegusa, na familia ya marehemu nao walikataa kushiriki. Sasa wewe mtengeneza filamu umekaa kwa familia moja miaka 10, unakunywa kahawa yao, mama mtu anakulisha, unalia nao siku ya hukumu. Utaona dunia kwa dirisha gani kama siyo la jikoni kwao? Siyo lazima uwe mwongo. Mimi nikikaa kwako mwaka mmoja tu nitasema mbwa wako hang'ati.

ChapaKazi_Editor

Mzee leo umepinga vizuri.

Mama_Eliya

Nimesoma uzi wote kimya nilikuwa sitaki kuandika. Sijaiona hiyo filamu na baada ya kuwasoma sitaiona. Ila swali la mleta mada nalijua kwa njia nyingine.

Mdogo wangu alikutwa amekufa miaka sita iliyopita, sitasema wapi. Kesi mpaka leo haijaeleweka. Wiki ya tatu baada ya mazishi wakaja vijana wa chaneli moja ya mtandaoni, wana adabu zao, wamevua viatu mlangoni, wakasema wanataka jamii imjue marehemu alikuwa mtu wa aina gani. Nikakaa nao saa nzima na zaidi. Nikawaeleza utoto wetu, alivyokuwa anaiba maandazi ya mama anamwekea mbuzi. Hapo nilicheka. Mtu anaweza kucheka msibani, mnajua wenyewe. Wakaniuliza pia kuhusu mke wake, nikasema ni mtu mkimya, aliishi nasi vizuri.

Video ilipotoka ilikuwa dakika kumi na mbili. Mimi nimo kama dakika moja. Sauti ya mtangazaji inauliza je mke wa marehemu anaficha nini, halafu inaletwa sura yangu, nasema "ni mtu mkimya," inakata, halafu nacheka. Kicheko cha mbuzi. Wameweka kile kicheko pale. Mtu yeyote akiona anasema wifi mtu anajua kitu, anamcheka.

Nilisema maneno yale? Nilisema. Nilicheka? Nilicheka. Nikiwapigia wanasema mama hatujakuwekea neno mdomoni. Walioandika chini ya video walikuwa wengi kuliko watu waliokuja kuzika. Wifi yangu aliiangalia akiwa peke yake na watoto, hakunipigia, mimi ndo nilimpigia, akapokea akasema "shikamoo dada" akanyamaza. Alihama mkoa. Watoto nawaona picha za WhatsApp sikukuu kwa sikukuu.

Kwa hiyo huyo sajenti simjui na huenda hata ni mtu mbaya, lakini hiyo ndiyo yake iliyohamishwa nimeisikia mpaka tumboni.

damu_salama

Pole sana Mama Eliya. Pole.

fundi_redio

Pole mama. Hivi hamna namna ya kuwafanya waiondoe?

Mama_Eliya

Waliiondoa baada ya mwaka. Wengine walikuwa wameshaichukua wakaipandisha kwao, na mimi nacheka mlemle.

Mswahili_Bergen

Mama Eliya mimi jana nimeandika hapa kwamba ya Durst sijui nikasirike au nishukuru. Nimeisoma yako mara mbili. Sitaki kuandika kitu cha kijinga. Pole.

ChapaKazi_Editor

Nimekaa na hii tangu asubuhi. Nina kazi mezani ya kipindi cha namna hiyohiyo, nimekatia mahojiano ya bibi mmoja jana. Nimerudi kuifungua niangalie nimemshonea wapi.

baba_Nasra

Mama Eliya asante na pole kwa yote, na samahani kama uzi umekutonesha.

Niwape mrejesho. Jana usiku nimerudia, siyo yote, nilikuwa namtafuta Teresa. Maana baada ya kusoma humu nimejikuta najua yadi ya Avery kama kwangu, najua chupa, ufunguo, pleti namba, lakini binti wa watu nilikuwa namkumbuka kwa picha moja tu ya tangazo la aliyepotea. Nikasema kama wamemficha basi nije niwaseme hapa.

Kumbe yupo. Kuna kipande amejirekodi mwenyewe anaongea na kamera, anasema hata akifa kesho anataka watu anaowapenda wajue kwamba alikuwa na furaha na maisha yake. Hakuna muziki mwingi, ni yeye tu na sura yake. Nikabaki najiuliza kwa nini sikukiona mara ya kwanza.

Nasra akanikumbusha. Alikuwa amekaa pembeni yangu ile Ijumaa. Anasema nilichukua rimoti nikapeleka mbele, nikasema hapa hamna kitu, turudi kwenye kesi.